Kutoka Mikumi Hata Mamboya: Habari za Kudumu Katika Imani



Liko swali ambalo sisi tunaofundisha twaulizwa mara kwa mara, nalo huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya watu wengine kwisha kuondoka kanisani. Mtu hukaribia, akasema, "Mwalimu, nimechoka. Nasali, lakini moyo wangu ni mkavu. Je, imani yangu imekwisha?" Anayeuliza hivyo si mtu wa dhihaka wala mvivu. Mara nyingi ni mama aliyelea watoto peke yake, au mwalimu aliyekaa kijiji cha mbali miaka mingi, au mzee aliyezika wengi. Swali hili tulikuwa nalo moyoni katika safari yetu ya kiangazi, tulipotoka Mikumi hata Kilosa, na kutoka Kilosa hata Berega na Mamboya. Leo twawaletea yale tuliyoyaona, pamoja na mambo ya kale tuliyoyakumbuka njiani, ili nanyi myafikiri nyumbani mwenu.

Basi tuanze na Mikumi. Atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya hifadhi ya wanyama kadiri ya kilomita 50. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1964, na eneo lake ni kilomita za mraba 3,230. Upande wa mashariki utaona milima ya Uluguru, na upande wa magharibi milima ya Usagara, na katikati umelala uwanda mpana wa Mkata. Tulipopita, majani yalikuwa yamekauka na rangi yake ilikuwa kama ya simba. Nyati walisimama mbali kama mawe meusi, twiga walikula juu ya miiba pasipo haraka, na tembo walipita kwa safu, mkubwa mbele na wadogo katikati. Abiria wote wa gari walinyamaza kuwatazama, hata wale waliokuwa wakibishana juu ya nauli.

Lakini uwanda huu si sikuzote mkavu. Masika yakinyesha sana, maji hutanda na udongo mweusi hushika miguu kama ulimbo. Mwaka 1871 Stanley alipita huku wakati wa mvua akimtafuta Livingstone, na msafara wake uliteswa vibaya na matope na homa. Mwaka 1873 alikuja msafara mwingine, wa Cameron, naye alifuatana na kijana mmoja jina lake Robert Moffat, mjukuu wa mmisionari yule mkuu wa Afrika ya Kusini. Livingstone alikuwa mume wa shangazi yake. Kijana huyo aliacha mali yake Natal aje kumsaidia mzee wake. Homa ikamshika pande hizi za Mkata, akafa mwezi wa Mei mwaka huo. Naye hakujua ya kuwa yule aliyekuwa akimfuata alikuwa amekwisha kufa katika mwezi huo huo, mbali sana, kijijini kwa Chitambo.

Tulipowaza habari hiyo, tuliwakumbuka pia wapagazi. Jina la Moffat limeandikwa vitabuni, bali wengi wa wale waliobeba mizigo kichwani, maji yakiwafika kiunoni, majina yao hayakuandikwa popote. Hata hivyo mizigo ilifika. Kazi nyingi za duniani zimefikishwa na watu waliochoka ambao hakuna aliyewauliza majina yao. Wewe mwalimu unayedhani ya kuwa hakuna akutazamaye, fikiri neno hili, maana Mungu anayo daftari yake.

Jina la Mikumi, kama wenyeji wasemavyo, latokana na miti. Mkumi ndio ule mti mrefu wa jamii ya minazi na mikoche, ambao wengine huuita mvumo. Shina lake limenyooka, lina uvimbe katikati, na majani yake ni kama pepeo kubwa. Ukuaji wa mti huu ni wa ajabu. Mbegu yake ikianguka na kuota, jambo la kwanza si kupanda juu. Hushusha chipukizi lake chini, ndani kabisa ya udongo, kabla ya kutoa jani la kwanza. Hata majani yakiisha kutokea, mti hukaa miaka mingi bila shina, ni majani tu juu ya ardhi. Apitaye asiyejua hudhani ni kichaka kisichokua. Kumbe chini unatengeneza msingi wake. Ndipo hatimaye huinuka, na ukiisha kuinuka, si upesi kuangushwa na kiangazi wala na moto wa nyika.

Neno hili liliwafaa sana waalimu tuliokutana nao Mikumi. Mji wenyewe umekaa njia kuu, na malori hayaishi usiku wala mchana. Vibanda vya chakula viko wazi hata usiku wa manane, na nyumba za wageni ni nyingi. Watu huja, watu huenda. Mwalimu mmoja alituambia ya kuwa hufundisha darasa la ubatizo, na kabla mafundisho hayajaisha, nusu ya wanafunzi wamekwisha kuhama kwa ajili ya kazi. Akasema, "Nahesabu miaka, sioni shina." Tukamwonyesha mikumi iliyosimama nje ya mji, tukamwambia habari ya mbegu. Hatukumwahidi ya kuwa ataliona shina kwa macho yake. Twajua ya kuwa wengine hupanda, na wengine huja kukaa kivulini. Lakini mtu aliyefundishwa Mikumi akahamia Ifakara au Makambako, hakuondoka na mikono mitupu.

Kutoka Mikumi tulifuata njia ya kaskazini kwenda Kilosa. Katika njia hii kuna kijiji kiitwacho Ulaya, na watu hucheka sana mtu akisema ya kuwa jana alilala Ulaya na leo amefika Kilosa. Nchi ni nzuri, ina vilima na mabonde, mashamba ya mahindi, mpunga na ufuta. Katika kijiji kimoja cha njia hiyo tulipokewa na mama mjane, mtu mzima sana. Mavuno yake yalikuwa haba, misimu miwili mfululizo, na mjukuu wake alikuwa mgonjwa. Yeye ndiye atunzaye ufunguo wa kanisa, nalo ni jengo dogo la matofali mabichi lenye paa la bati. Tulimwuliza, "Mama, katika taabu hizi zote, wapataje nguvu ya kuja kila Jumamosi kufagia?"

Akajibu, "Mwanangu, ziko siku naja kusali, na ziko siku naja kufagia tu. Siku ya kufagia sina neno la kumwambia Mungu. Lakini mlango naufungua."

Tulikaa kimya. Twadhani ya kuwa wengi wetu tumejifunza kuhesabu imani kwa moto wa moyo, na moto ukipungua twasema kwamba imani imekufa. Mama huyu aliihesabu kwa mlango. Moyo ukiwa mkavu aliufungua, na moyo ukiwa na furaha aliufungua vile vile. Asiyeona tofauti kati ya kuchoka na kuacha, na aende akamwone mama huyu na ufagio wake.

Hata tulipofika Kilosa tuliona mto Mkondoa. Wakati wa kiangazi maji yake ni machache, watoto huvuka wakicheka. Lakini mto huu una tabia mbili. Reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914, hupita Kilosa, kisha hufuata bonde la Mkondoa kupanda kwenda Kidete na Gulwe. Bonde ni jembamba, na reli na mto ni kama ndugu wawili wanaogombea kitanda kimoja. Mvua kubwa zikinyesha milimani, mto hupanda, hula udongo chini ya reli, huchukua madaraja. Mafundi huja, hutengeneza. Baada ya miaka michache mto hubomoa tena. Nao huja tena.

Mafuriko yanayokumbukwa zaidi ni yale ya mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010. Lilikuwako tuta la kuuzuia mto usiingie mjini. Tuta likavunjika, maji yakaingia nyumbani mwa watu. Maelfu walikaa kambini katika mahema, na reli iliharibika kati ya Kilosa na Gulwe hata safari za treni zikakatika. Tulizungumza na jamaa mmoja ya Wakristo waliopoteza nyumba, vitanda, vyakula, hata vyeti vya ubatizo. Baba wa nyumba alisema, "Tuta halikufa siku ile. Siku ile lilianguka tu."

Sisi tulilichukua neno hilo kuwa fundisho kwa kila nyumba. Tuta lisilotazamwa hupungua kidogo kidogo: mvua hulimega, mifugo hulikanyaga, mtu huchota udongo wa kujengea, na mwaka wa kiangazi hakuna aonaye hatari. Ndivyo yalivyo maombi ya jioni nyumbani. Jamaa wakiacha siku moja, hakuna kitu kilichoharibika. Wakiacha mwezi, bado maji hayajaja. Lakini siku ya msiba, mtoto anapokufa au kazi inapokwisha, watakwenda kutafuta tuta na kuliona limebaki kama kifundo cha mguu. Wakati wa kushindilia udongo ni kiangazi, mto ukiwa mdogo.

Leo Kilosa imepata reli nyingine ya kisasa, iendayo kwa umeme, na tangu mwaka 2024 watu husafiri kwayo kutoka Dar es Salaam hata Dodoma. Katika milima ya pande za Kilosa reli hiyo imetobolewa njia chini ya mwamba. Wazee waliofahamu treni ya zamani hutazama wakatikisa kichwa kwa mshangao. Nasi tulifurahi, maana watu walioshindwa na mto mara nyingi hivyo hawakusema, "Basi, hapa hapapitiki."

Kutoka Kilosa tulikwenda Rudewa, tukatokea Dumila kwenye barabara ya Dodoma, tukashika njia ya magharibi hata nchi ya Wakaguru, kwenda Berega na Mamboya. Hapa ndipo habari yetu inapofika kisimani.

Mwaka 1877 Alexander Mackay wa CMS alikata njia kutoka Saadani, pwani, hata Mpwapwa, zaidi ya maili 200, kwa shoka na majembe, pamoja na vibarua wengi. Karibu na mwaka 1880 kituo kilianzishwa Mamboya. Mwaka 1882 James Hannington alishika njia ya Mpwapwa kwenda ziwani. Akaugua sana, hata mwaka 1883 ilimpasa kurudi kwao Uingereza, mgonjwa, bila kufika Buganda. Wengine wangalimhesabu kuwa mtu aliyeshindwa. Mwaka 1884 akawekwa kuwa askofu, akarudi, na mwaka 1885 akauawa Busoga. Twaona ya kuwa kurudi nyuma kwa ajili ya ugonjwa si kuuacha mwendo. Mtu aweza kurudi nyumbani akapona, akaja tena.

Lakini zaidi ya Wazungu twapenda kuwakumbuka waalimu wetu Waafrika. Vita kuu ilipoanza mwaka 1914, Wadachi waliotawala nchi hii waliwashuku watu wa misheni za Kiingereza kuwa wapelelezi. Wamisionari wakafungwa. Kisha waalimu Waafrika wa CMS katika Ugogo na Ukaguru wakakamatwa, na wenzao wa UMCA huko Usambara na Bondei kadhalika. Wengi walipigwa viboko, wakafungwa minyororo, wakatembezwa safari ndefu kupelekwa Tabora, na wako waliokufa. Martin Kayamba, aliyesoma Kiungani, alikuwa mmoja wa waliofungwa Tabora, naye baadaye aliandika habari zake. Kilosa ilitwaliwa na majeshi ya Waingereza tarehe 22 Agosti 1916, na Tabora ilitwaliwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba mwaka huo. Ndipo wafungwa wakafunguliwa.

Fikirini hali yao. Walikuwa waalimu wa vijiji, wenye mishahara midogo, wake na watoto wao wameachwa nyumbani. Hawakuwa na mmisionari wa kuwafariji, wala hawakujua vita vitakwisha lini wala nani atashinda. Kama wangesema, "Dini hii imetuletea fimbo, na tuiache," nani angewalaumu? Na walipofunguliwa hawakurudi penye raha. Walikuta shule zimebomoka na watu wametawanyika. Ugogo ilipatwa na njaa kuu iitwayo Mtunya, na mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua uliozunguka dunia nzima.

Lakini waalimu walirudi, wakafungua milango. Mwaka 1921 Andrea Mwaka na Haruni Mbega waliwekwa katika utumishi wa kanisa, nao ndio Waafrika wa kwanza wa CMS katika nchi hizi kupewa daraja hiyo. Hata hapo shida hazikwisha, kwa maana fedha zilikuwa chache na watumishi wachache. Mwaka 1927 Wakristo wa Australia walikuja kuishika kazi, na Askofu Chambers akawa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati. Mwaka 1965 ikazaliwa Dayosisi ya Morogoro, na askofu wake wa kwanza alikuwa Gresford Chitemo, Mwafrika. Leo Berega ina hospitali ya kanisa, na akina mama wa vijiji vingi hujifungulia hapo. Wale waliotembea katika minyororo hawakuyaona haya yote. Ni mbegu ya mkumi, ndugu zetu.

Sasa turudie mtu yule anayesema, "Nimechoka." Someni habari za nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi mkubwa, lakini aliposikia maneno ya Yezebeli alikimbia jangwani, akaketi chini ya mti, akaomba afe. Angalieni Mungu alimtendea nini kwanza. Hakumkemea wala hakumwuliza imani yake i wapi. Alimwacha alale, akamtuma malaika amguse, na malaika alikuja na mkate na maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa tena, akala tena. Mahubiri yalikuja baadaye, alipokuwa na nguvu ya kuyasikia.

Basi, kwa ajili ya nyumba zetu na shule zetu, tunawapa mashauri matatu.

Kwanza, msimhukumu mtu aliyechoka. Mwalimu wa kijiji chenu akiwa amenyamaza siku nyingi, msianze kwa kumshitaki barazani. Mpelekeeni unga, mboga na kuni. Mtazameni kama ni mgonjwa. Mpeni siku za kupumzika. Huenda Mungu anataka ninyi muwe ndio malaika mwenye mkate.

Pili, ninyi mliochoka, msijifiche. Eliya alidhani amebaki peke yake, na Mungu akamwambia ya kuwa wako maelfu wengine. Waalimu wa mwaka ule 1916 walifungwa wengi pamoja, na yamkini kila mmoja alipata nguvu kwa kusikia hatua za mwenzake. Mwambieni mtu mmoja mwenye kutunza siri, mkaombe pamoja naye. Ukikosa maneno, yeye atasema kwa niaba yako, nawe uitikie Amina.

Tatu, shikeni tendo moja dogo msiloliacha, moyo ukiwa wa moto au wa baridi. Iwe sala fupi kabla ya kulala pamoja na watoto, au kumtembelea mgonjwa mmoja kila juma, au kufagia kanisa siku ya Jumamosi. Hilo ndilo tuta lenu. Mto ukipanda, mtajua kwa nini mlilishindilia.

Basi aulizaye kama imani yake imekwisha, twamjibu hivi: asiyejali haulizi. Wewe unayeuliza kwa huzuni, bado umeshika ufunguo mkononi. Kula, lala, amka, ukafungue mlango.

Waalimu wa Mikumi, Kilosa, Berega na Mamboya wanawasalimu nyote, nao wanaomba mwakumbuke katika sala zenu. Neema ya Bwana iwe pamoja na kila nyumba itakayosoma habari hizi.